Bakuli la Kwanza la Gogo

Paukwa!

Pakawa!

Mlangoni pa zizi pamelala nini?

Pamelala gogo!

Gogo lina macho?

Linayo!

Limewaona?

Limetuona!

Basi kaeni, na msikanyagane.

"Paja zima?"

"Paja zima."

"Kwa mbwa?"

"Kwa mlinzi wa zizi, Baba Nanzia. Na bakuli la kwanza kila jioni, kabla yako."

"Kabla yangu! Mama Nanzia, umekwenda kutafuta kuni, umerudi na wazimu!"

Nimeanza na ugomvi kwa sababu mambo yenyewe yalianza na ugomvi, na mimi sianzi jambo mahali ambapo halikuanzia. Huyo anayepiga kelele ni Senkondo, mwenye mbuzi wengi kuliko wote katika kijiji cha Ngurunga, kule milimani ambako ukungu hushuka hata mchana. Anayemjibu bila kelele ni mkewe, Nakiete. Mgongoni amembeba Nanzia, mtoto wao wa pekee, ambaye bado anatambaa. Na miguuni pake amelala mtoto wa mbwa, mkubwa kama ndama.

Sasa sikilizeni desturi ya Ngurunga, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Mbuzi akichinjwa, kila kiungo kina mwenyewe. Kichwa ni cha wazee. Kidari ni cha mjomba. Paja ni la mlinzi wa zizi. Na kila jioni chungu kikiepuliwa, bakuli la kwanza la makande ni la mlinzi wa zizi. Akishakula yeye, ndipo anakula mwenye zizi.

Haikuwa adabu tu. Juu ya kijiji, ndani ya msitu, lilikaa zimwi lenye vinywa viwili, kimoja usoni na kimoja kisogoni. Zimwi hilo lilikuwa na mwiko mmoja: halikuweza kuchukua kitu katika boma ambalo mlinzi wake amepewa haki yake. Lakini mlinzi akidhulumiwa, boma hilo kwa zimwi ni uwanja mtupu. Weka miiba, weka magogo, weka mawe. Litaingia kama linaingia kwake.

Senkondo alilijua hilo. Lakini alikuwa na mkono wa birika. Kijana wa kwanza aliyemlindia zizi alipewa muundi, akaambiwa hilo ndilo paja. Wa pili alipewa bakuli, lakini la mwisho, lenye ukoko. Wa tatu hakupewa kitu, aliambiwa asubiri. Wote wakaondoka, na hapana kijana mwingine aliyetaka kulala kwa Senkondo.

Tangu hapo zimwi likawa linajichukulia. Leo beberu, kesho mbuzi mwenye mimba. Siku moja likasimama juu ya jabali, likaimba kwa vinywa vyote viwili:

"Mbuzi nimewachoka! Nataka kinachotambaa!"

Kinachotambaa ni nani? Ehe. Ni Nanzia. Mmeanza kuelewa kwa nini Nakiete hakulala usingizi.

Basi, siku ile Nakiete alikuwa korongoni anakata kuni. Akaona gogo zuri limelala, la rangi ya udongo. Akainua panga. Gogo likafungua jicho moja.

"Mama," likasema, "mimi siyo kuni."

Nakiete akashusha panga. "Wewe ni nini?"

"Mimi ni mbwa wa zimwi. Baba yangu, babu yangu, wote ni mbwa wa zimwi. Ndiyo maana nina mwili huu. Kazi yetu ni kuwakimbiza watu msituni mpaka waanguke, zimwi lije kuokota. Mimi nilikataa, nikatupwa huku."

"Ulikataa kwa nini?"

Mbwa akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri, yule mbwa. Akasema:

"Sibweki upepo. Sing'ati mgongo. Sisahau bakuli."

"Sema nielewe."

"Kitu kisicho na madhara sikipigii kelele. Anayenikimbia simfuati. Na anayenilisha simwachi. Lakini huko kwa zimwi sijawahi kuona bakuli. Tulikuwa tunatupiwa."

Nakiete alikuwa mtu wa kusema kitu kikaisha. Akamwambia, "Nina zizi halina mlinzi. Nina mtoto anatafutwa. Desturi yetu ni bakuli la kwanza kila jioni, na paja tukichinja. Unakubali?"

"Nakubali. Ila ujue mimi nimeumbwa huko msituni, na ahadi kwetu ni kamba. Mkinipa changu, hata zimwi lenyewe halinipiti. Mkininyima, miguu yangu itatoka bomani hata kama moyo hautaki."

"Nimesikia."

Basi akarudi naye, na ugomvi wa Senkondo ndio huo mliousikia. Ulikwisha vipi? Nakiete alimtua Nanzia, akampakatisha mumewe, akasema, "Haya, usiku umlinde wewe." Senkondo akamtazama mtoto, akatazama msitu, akamrudishia mkewe mtoto. Jioni ile Gogo alikula bakuli la kwanza. Ndiyo, walimwita Gogo. Mlitaka aitwe nani?

Gogo akakua. Kichwa kikawa kama chungu cha pombe, kifua kama mlango. Lakini mchana kutwa amelala penye mlango wa zizi, kidevu juu ya miguu. Kuku wanapita juu yake. Nanzia anamvuta masikio, anamtia vidole puani, anapanda mgongoni anateleza upande wa pili. Gogo anahema tu. Akitaka kugeuka, kwanza anatazama mtoto yuko wapi, ndipo anageuka.

Majirani wakacheka. Pale Ngurunga, mbwa alipimwa kwa kelele. Mbwa wao walibwekea majani, walibwekea mwezi, walibweka wenyewe kwa wenyewe mpaka sauti zikakauka.

"Senkondo," wakasema, "umenunuliwa kiti au mbwa?"

Senkondo akaona haya. Mtu mwenye kujisifu akichekwa, anaanza kutafuta wa kumlaumu. Hilo likumbukeni.

Siku moja upepo ukashuka kutoka msituni, upepo mbaya, unapiga mayowe. Lilikuwa ni zimwi limejifanya upepo. Mbwa wote wa kijiji wakaruka, wakabweka, wakakimbilia huku na huku. Gogo akafungua jicho moja.

"Bweka basi!" Senkondo akafoka.

"Sibweki upepo," akasema Gogo.

Upepo ukazunguka boma mara moja, haukupata pa kuingilia, ukarudi ulikotoka.

Siku nyingine akapita swala mbele ya mlango, swala mnene, anachechemea. Lilikuwa ni zimwi tena. Mbwa wa kijiji wakamfukuza mpaka korongoni, na huko wawili hawakurudi. Gogo akainua kichwa, akamwona swala akikimbia, akakilaza kichwa.

"Mfuate! Nyama ile!" Senkondo akafoka.

"Sing'ati mgongo," akasema Gogo. "Nikiondoka hapa, nani atakuwa hapa?"

Zimwi likarudi msituni, likakaa juu ya jabali, likafikiri. Mbwa yule halitamweza, maana amelipwa. Sasa likamtafuta ambaye litamweza. Nani? Ehe. Mlipaji.

Basi siku moja Nakiete akatoka kwenda kusaga kwa shemeji yake. Mtoto amelala ndani. Senkondo yuko uani. Mara akaja mzee mmoja na fimbo, amejifunga shuka mpaka kisogoni.

"Mpwa wangu Senkondo! Hunijui? Mimi ni mjomba wako Kangalu, wa ng'ambo ya mlima."

Senkondo alikuwa hajamwona mjomba Kangalu tangu utoto. Akafurahi. "Mjomba! Karibu, karibu!"

Gogo alikuwa amelala. Akasimama. Akaenda akasimama katikati ya mlango wa boma, ubavu wake umeziba pote. Hakubweka. Hakuonyesha meno. Alimtazama tu mzee yule.

Mzee akasogea kulia, Gogo akawa kulia. Akasogea kushoto, Gogo akawa kushoto. Akarudi katikati, Gogo akawa katikati.

"Mpwa wangu," mzee akasema, sauti inatetemeka, "siku hizi wajomba wanafunguliwa mbwa?"

Ah, Senkondo akaungua kwa aibu! "Mjomba usiingie kwanza, kaa hapo hapo kwenye kivuli, nitakuchinjia hapo hapo, huyu mbwa mpumbavu tutamalizana naye baadaye." Akamtoa mbuzi, akachinja, akachoma. Akampelekea mjomba kidari nje ya mlango, kama desturi.

Mzee akakisukuma. "Mimi kidari sikitaki. Nataka paja."

"Paja, mjomba, ni la..." Senkondo akasita, akatazama mlangoni.

"La nani? La mbwa?" Mzee akacheka. "Kwa hiyo ni kweli wanayosema huko ng'ambo. Kwamba kwa Senkondo mbwa anakula, mjomba anatazama."

Senkondo alivunjika hapo. Akalichukua paja, akapita nalo mbele ya pua ya Gogo, akampa mzee kwa mikono miwili.

"Baba Nanzia," Gogo akasema taratibu, "hilo ni langu."

"Nyamaza, gogo wee!"

"Baba Nanzia, hilo ni langu."

"Utapewa mifupa!"

"Baba Nanzia. Hilo ni langu."

Mzee akaling'ata paja. Na miguu ya Gogo ikaanza kwenda. Yeye mwenyewe alikuwa anatazama nyumba, mahali alipolala mtoto, lakini miguu ilikuwa inatoka. Ikamtoa mlangoni, ikamvusha njia, ikamlaza chini ya mteremko.

"Unaona?" Senkondo akasema. "Anajua kosa lake. Mjomba, ingia sasa. Ngoja nikuletee maji ya kunawa."

Aliporudi na maji, hakumkuta mjomba. Alikuta mfupa wa paja umetafunwa pande zote mbili, na nyama yote iliyobaki haipo. Na ndani, kitanda cha mtoto kilikuwa kitupu.

Akakaa chini pale pale.

Nakiete akaingia na unga kichwani. Akaona mlango hauna mbwa. Akaona mumewe amekaa chini.

"Kulikuja nani?"

"Mjomba Kangalu."

"Ulimpa nini?"

"Paja."

"Mjomba gani anakula paja?"

Mtoto mdogo wa Ngurunga anajua kidari ni cha mjomba. Mjomba wa kweli hawezi kuomba paja, ataona haya kufa. Senkondo alijua tangu alipozaliwa, ila aliogopa kuchekwa.

Nakiete akautupa unga, akakimbilia mteremkoni kwa Gogo. "Gogo! Amemchukua Nanzia!"

"Najua, mama. Nimemwona akipita. Nilijaribu kusimama." Macho yake yalikuwa mekundu. "Siyo hasira. Nimefungwa."

"Nitakulipa mimi, sasa hivi!"

"Wewe hunidai wala sikudai. Aliyelitoa paja ndiye alipe."

Senkondo akafika anahema. "Gogo, nitakupa mbuzi!"

"Sikuomba mbuzi."

"Nitakupa zizi zima!"

"Sikuomba zizi."

"Kesho nitachinja, nakuapia, mapaja yote mawili!"

"Kesho nitapokea paja langu. Lakini sasa ni jioni, na jioni nina bakuli langu."

Senkondo akakimbia nyumbani, akapakua makande kwa mikono yake, la kwanza kutoka chunguni, akarudi nalo mbio. Akapiga magoti. Akalishika bakuli.

Gogo akaanza kula. Na jamani, Gogo hakuwa mbwa wa kumeza. Alikula kama siku zote. Polepole.

Huko juu, mtoto akalia. Senkondo akalishika bakuli.

Mtoto akalia tena, kwa mbali. Senkondo alitaka kusema "fanya haraka," akauma mdomo, akalishika bakuli.

Sauti ya mtoto ikapotea. Machozi ya Senkondo yakadondokea makande, naye akalishika bakuli. Alijua sasa kijana wa tatu alisubiri vipi.

Gogo akalamba bakuli likang'aa. Akasimama. Miguu ilikuwa yake.

Mimi huwa nasema mbwa mkubwa anaonekana mvivu kwa sababu hamjamwona anapokwenda kweli. Alipanda mlima ule kama jiwe linaloshuka. Senkondo na Nakiete wakamfuata, wakisikia vijiti vinavunjika mbele.

Zimwi lilikuwa karibu na pango lake, limemshika mtoto kwapani. Likasikia. Lakini lilimjua mbwa wake. Likageuka, likampa Gogo mgongo, likaendelea kwenda huku linacheka kwa kinywa cha kisogoni.

"Hung'ati mgongo, mwanangu!"

"Sing'ati," akasema Gogo. Akapita pembeni, akazunguka jabali, akalala mbele yake, katikati ya njia.

Zimwi likageukia kulia. Gogo akawa kulia. Likageukia kushoto. Gogo akawa kushoto. Likarudi nyuma. Gogo akawa nyuma, ambako sasa ndiko mbele. Popote zimwi lilipotaka kwenda, palikuwa na kichwa kile, kimetulia, kinatazama.

"Mimi ndiye niliyekupa mwili huo!" zimwi likanguruma.

"Ulinipa mwili. Hukunipa bakuli."

"Wale wamekunyima paja leo leo!"

"Wamenipa bakuli leo leo. Mweke mtoto chini."

Zimwi likaruka mbele, mkono umenyooka, kucha kama mapanga. Hapo hapakuwa na mgongo tena. Gogo akafungua kinywa, akaudaka mkono, akafunga. Hakutafuna. Hakutikisa. Alishika tu. Zimwi likampiga, akashika. Likamburuta, akashika. Likapiga mayowe kwa vinywa vyote viwili mpaka ndege wakaruka, akashika.

"Mweke mtoto chini," akasema Gogo, meno yamefungwa.

Zimwi likamlaza Nanzia juu ya majani. Gogo akaachia. Zimwi likageuka, likakimbia, na Gogo akalitazama likikimbia. Hakulifuata.

"Limalize!" Senkondo akapiga kelele.

Gogo alikuwa ameshalala, mwili wake umemzunguka mtoto, na Nanzia alikuwa ameshashika sikio.

"Sing'ati mgongo," akasema. "Na Baba Nanzia, bado nakudai paja."

Kesho yake Senkondo alichinja mchana, watu wote wanaona, wale waliomcheka pia wanaona. Kabla kichwa hakijaenda kwa wazee, alilichukua paja, akapita nalo katikati ya watu, akalipeleka mlangoni. Hapana aliyecheka. Halafu akawatafuta wale vijana watatu, kila mmoja kwake, na kila mmoja na paja lake.

Gogo akazaa, watoto wake wakazaa, na mbwa wote wakubwa wa milima ile wanatoka kwake. Ndiyo maana wana mwili unaotisha na macho ya mtu anayefikiri. Ndiyo maana hawabweki ovyo. Mgeni akija mwenye nia njema, wanamtazama tu. Mwenye nia mbaya wanamzibia njia kwanza, ili apate nafasi ya kurudi. Na zimwi? Zimwi halikufa, nani kawaambia lilikufa? Liko huko huko, linasubiri boma ambalo mlinzi wake amedhulumiwa.

Ngano yangu nimeitua hapo, mzigo umefika. Funzo lake halina kona: anayekulinda mpe haki yake kabla hujala wewe, na usimpime kwa kelele.

Nini, Kabwere, wewe uliyekaa hapo nyuma? Ile ni ngano tu? Haya. Nimeona midomo yenu inang'aa mafuta. Mmeshakula, wote. Na mbwa wetu amelala pale mlangoni tangu jua halijazama, na bakuli lake ni kavu, nimelipita kwa miguu yangu.

Sitaki kujua zamu ilikuwa ya nani. Lijazeni.